Kamisheni ya Akeyo: Amina Iliyorekodiwa

Basi simu ikainuliwa juu, na wewe msomaji ukaachwa wiki nzima ukijiuliza kuna nini ndani yake. Malalamishi yenu nimeyaona. Mmoja ameniandikia kwamba mimi ni mtu mbaya. Pole sana. Akeyo naye amesimama kizimbani wiki nzima, na hajaandika kwa mtu.

Kwa aliyeingia leo, nitasema mara moja na sirudii. Akeyo aliuza matangi ya maji kwa kampuni ya Bwana Ndung'u hapa Nakuru. Kabla ya kuacha kazi alipata oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata, matangi ya shule moja ya bweni kule Njoro. Shule ikalipa baada ya yeye kuondoka. Ndung'u akasema kamisheni ni ya aliye kazini pesa zikiingia, akampa mpwa wake Muiruri, kijana ambaye Njoro aliijua kwa kusikia. Akeyo akaenda kortini bila wakili, kwa sababu wakili aliyemwendea alitaka alipwe kwanza, na kutolipwa ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Na mnajua kwa nini hawezi kuachilia. Mamake alikuwa na nyumba Kihoto, kule Naivasha, mpaka ziwa likahamia ndani. Sasa mama analala kwenye kitanda cha Akeyo, chumba kimoja cha kukodi Karagita, hukohuko Naivasha, na Akeyo analala chini, miguu ikigusa jiko. Kuna ploti Longonot, pakavu, karibu na reli. Arubuni imelipwa. Salio ni hiyo kamisheni, yote, bila kubaki. Mwenye ploti, Tabby Wamuyu, amesema mwisho ni leo saa kumi jioni. Baada ya hapo anauzia mwingine, na arubuni imeenda.

Haya, turudi kortini.

"Mheshimiwa," wakili Kipyegon alisema, simu ingali juu, "tuna video."

Hakimu Jepleting alivua miwani. "Video ya nini?"

"Ya mlalamishi mwenyewe, akikiri kwamba hamdai mteja wangu chochote."

 Akeyo alijaribu kukumbuka siku aliyokiri kitu kama hicho na hakuipata. Huyu Kipyegon alikuwa wakili wa kampuni, mrefu, mwimbaji wa besi katika kwaya ya kanisa lake. Hata akiomba maji ya kunywa watu hunyamaza kidogo.

Karani akaleta spika. Simu ikaunganishwa, ikakataa, ikaunganishwa tena.

Ilikuwa ile sherehe ya kumuaga. Stoo ya kampuni, matangi meusi yamesimama nyuma kama wageni wasioalikwa, meza moja, keki, na zawadi ya chupa ya chai iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Katikati alisimama Ndung'u, suti ya kijivu, mkono mmoja juu ya bega la Akeyo, macho yamefungwa.

Lazima niwaambie kitu kuhusu Ndung'u na maombi. Ndung'u ni mzee wa kanisa. Huombea lori kabla halijatoka. Huombea tangi kabla halijafungwa. Mashine ya risiti ikikwama, huwekewa mkono. Na maombi yake ni marefu mpaka wafanyakazi walikuwa wakiyaita ovataimu isiyolipwa.

"Baba," sauti yake ilisema kwenye spika, "tunakushukuru kwamba tunaachana na dada yetu kwa amani. Sisi hatumdai, na yeye hatudai. Hakuna deni lolote kati yetu, Baba."

"Amina," stoo nzima ikajibu. Na juu ya stoo nzima ikasikika sauti moja ya mwanamke, safi, yenye furaha.

Video ikakatika hapo.

"Dada Akeyo," Kipyegon alisema polepole, "hiyo sauti ya mwisho ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulisema nini?"

"Amina."

"Kwa nguvu."

"Nilikuwa karibu na simu."

"Kuna mtu alikulazimisha?"

"Hapana."

"Ulikuwa mgonjwa siku hiyo?"

"Nilikuwa na njaa. Keki ilikuwa inangoja."

Watu wawili watatu wakacheka. Hakimu akawatazama, wakakumbuka mahali walipo.

Kipyegon hakucheka. Alisogea karibu na kizimba. "Umeapa hapa leo kwa Biblia. Sasa niambie, dada yangu. Wewe husema amina kwa uongo?"

Mtego huo hapo, msomaji, na ni mtego mzuri, tumpe haki yake. Akisema alimaanisha, kesi imekwisha. Akisema hakumaanisha, basi ni mtu wa kusema asichomaanisha mbele ya Mungu, na sasa anataka hakimu amwamini. Tena nyuma kabisa, kwenye benchi la mwisho, amekaa mamake na mkoba magotini. Mama Akeyo hajawahi kuacha maombi ya mtu yaning'inie. Huitikia ya mhubiri wa stendi. Huitikia ya redio ya jirani, kupitia ukutani.

"Nilisema amina kwa sababu maombi yalifika mahali pa amina," Akeyo alijibu. "Kila mtu hufanya hivyo."

"Bila kusikiliza?"

"Wakili, wewe hujawahi kuombewa na Bwana Ndung'u. Huwezi kusikiliza yote, utazimia. Unasikiliza mwanzo. Ukisikia sauti inashuka, unajitayarisha."

Ndung'u, kwenye kiti chake, akakohoa.

"Kwa hivyo kwako ni mazoea."

"Ni mazoea."

"Mheshimiwa, naomba hilo liandikwe. Mlalamishi huitikia maombi kwa mazoea, hajali yanasema nini."

Hakimu akaandika. Alipoandika, Akeyo alisikia benchi la mwisho likilia kidogo, kama mtu amebadilisha mkao. Hakugeuka.

"Nilijali," alisema. Hakuna aliyemuuliza, lakini alisema. "Nilijua tunaachana kwa amani. Alikuwa akiniita binti yangu. Nilishika hiyo chupa ya chai nikalia njia yote hadi Karagita. Hiyo ndiyo inaniuma, si video."

 Kipyegon akauliza swali ambalo mimi, nilipolisikia, nililiona la kupoteza wakati. Nilikosea, na mtaona.

"Kwa nini uliacha kazi?"

"Mama aliniambia niache. Maji yalikuwa yameingia kwake Kihoto na hakukuwa na mtu wa kumtoa. Nilikuwa Njoro, Molo, Elburgon, kila siku barabarani. Akasema, rudi."

"Ukarudi. Hukubishana?"

"Na mama?" Akeyo alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama huwa anabishana na mvua. "Mimi nimelelewa. Mama akisema twende, tunaenda. Akisema tumemaliza, tumemaliza. Neno lake ndilo langu."

"Hata kwa hii kesi?"

"Ni yeye alisema nije."

"Asante," Kipyegon alisema. "Hilo pia naomba liandikwe." Akakaa, na akapanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

Hakimu akaandika hilo pia.

Ikawa zamu ya Ndung'u kutoa ushahidi. Aliapa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuapa katika chumba kile. Biblia aliishika kwa mikono miwili, na alipomaliza hakutaka kuiachilia, karani akaivuta kidogo.

Kipyegon alimwongoza kwa upole. Kampuni ina sheria? Ina sheria. Kamisheni hulipwa nani? Aliye kazini pesa zikiingia. Na oda ya Njoro?

"Oda ya Njoro," Ndung'u alisema, akitazama dirishani, "ilikamilishwa na kijana wetu Muiruri."

Muiruri alikuwa mstari wa mbele, viatu vipya, simu mpya. Aliitikia kwa kichwa, kwa unyenyekevu wa mtu aliyesifiwa kwa jambo asilolijua.

"Mlalamishi, una maswali kwa shahidi?" hakimu akauliza.

Akeyo alisimama. Hakuwa na maswali. Alikuwa ameandaa maswali nyumbani, mama akijifanya wakili, na yote yalihusu Muiruri na Njoro, na yote yalikuwa yamekufa pale spika ilipowashwa. Alimwangalia Ndung'u. Ndung'u hakumwangalia. Akeyo akaiangalia spika.

Halafu akakumbuka keki.

Ilikuwa keki ya krimu nyeupe. Mitchelle wa mapokezi ndiye aliyeinunua, na Mitchelle ndiye aliyekuwa akirekodi. Maombi yalipoanza, krimu ilikuwa imesimama wima. Walipokuja kuikata, upande mmoja ulikuwa umeteleza hadi mezani na nzi alikuwa amehudhuria. Video ile ilikuwa fupi. Krimu haitelezi kwa muda mfupi namna hiyo, hata Nakuru ikiwa na jua.

"Boss," alianza.

"Mwite shahidi," hakimu akasema.

"Shahidi boss. Ile amina kwenye video. Ndiyo ilikuwa ya mwisho?"

Ndung'u akakunja uso. "Sijaelewa."

"Maombi yako yaliisha hapo?"

"Mheshimiwa," Kipyegon akainuka, "simu ya aliyerekodi ilijaa. Ndiyo sababu video imeishia hapo. Hatuna nyingine."

"Sijauliza simu," Akeyo alisema. "Nimeuliza mzee."

Hapa ndipo Ndung'u angesema ndiyo, yaliisha, tukaenda zetu sote kula. Lakini kila mtu ana mahali pake pa kujivunia. Wengine ni gari, wengine ni watoto. Kumwambia Ndung'u mbele ya watu kwamba huomba maombi mafupi ni kumvua shati.

"Hayakuisha hapo," alisema. "Huo ulikuwa utangulizi."

"Kwa hivyo uliendelea."

"Niliendelea."

"Unakumbuka ulichoomba?"

"Maombi yangu siyasahau. Hayatoki kwangu. Napewa, na nikishapewa nayaweka."

"Basi uliomba nini?"

Kipyegon alikuwa amesimama kabla swali halijatua. "Napinga, Mheshimiwa. Maombi ni siri kati ya mtu na Mungu wake. Mahakama haiwezi kumlazimisha mtu kutoa siri za maombi."

Hakimu Jepleting alivaa miwani, akamtazama, akaivua tena. "Wakili, hiyo siri umeileta wewe. Na umeileta na spika."

"Sehemu tu, Mheshimiwa."

"Ndiyo. Sasa tunataka iliyobaki. Shahidi, endelea na maombi."

"Hapa?" Ndung'u aliuliza.

"Hapa."

"Nikifungua macho, maneno yananipotea."

"Funga. Ulishaapa, macho hayahitajiki."

Ndung'u akavuta pumzi. Akafunga macho. Mkono wa kulia ukainuka wenyewe na kutafuta bega la mtu, haukupata, ukakaa juu ya ukingo wa kizimba.

"Baba," alisema.

Na hapo, msomaji, likatokea jambo ambalo hakuna sheria iliyoandikwa kulizuia. Vichwa viliinama. Kwanza benchi la nyuma, kisha la kati. Askari wa mlangoni akavua kofia akaibana kwapani. Karani akaacha kuandika, akafumba jicho moja kwanza, halafu la pili. Muiruri akainama. Hata Kipyegon, aliyekuwa bado amesimama na kidole chake cha kupinga hewani, alikishusha taratibu akakunja mikono mbele ya suti.

"Tunakushukuru kwa keki. Tunakushukuru kwa mikono iliyoileta. Tunakushukuru kwa lori letu ambalo umelipigania barabara ya Gilgil likiwa na breki unazozijua wewe, Baba."

"Eeh, Bwana," sauti moja ikaitikia kutoka nyuma. Ilikuwa ya Mama Akeyo.

"Tunakushukuru kwa lile tangi lililoanguka likaviringika sokoni na halikumgonga mtu, ila kibanda cha mama wa mitumba, na yeye tukaongea."

"Asante, Baba."

"Mkumbuke Mitchelle, umpe mume anayefanya kazi. Mkumbuke dada yetu Akeyo katika haja yake aliyotuambia, ya kumtafutia mama yake mahali pakavu."

"Mkumbuke," mama alisema.

"Na Baba," Ndung'u akaendelea, "tunakushukuru pia kwa..."

Akanyamaza.

Akeyo alifungua macho. Alikuwa ameyafunga na yeye, sitaki kumficha.  Aliona jasho kwenye nywele za mvi juu ya sikio la Ndung'u. Mtu yule alijua kinachofuata. Alikuwa amefika pale, na mbele yake kulikuwa na daraja la maneno machache tu, na angeweza kuliruka akaenda moja kwa moja kwa amina. Hakuna video. Nani angebisha?

Nitasema lililo kweli juu ya Ndung'u hata kama simpendi. Alikuwa mtu wa kukunyima jasho lako na akala chakula cha jioni vizuri. Lakini kukata maombi katikati akamdanganya Mungu anayemwomba wakati uleule, hilo hakuwa amewahi kulifanya, na hakujua linaanzia wapi.

"Sema, Baba," Mama Akeyo akamtia mzee moyo, kwa upole kabisa, jinsi wanavyofanya kanisani mtu akikwama.

Ndung'u akasema.

"Tunakushukuru kwa oda ya Njoro, ambayo umetupa kupitia kwa huyu dada yetu. Ni yeye uliyemtuma, Baba. Alienda huko na matope, akafukuzwa getini, akarudi, sisi tukiwa tumekata tamaa. Umbariki katika jasho lake. Asitokee mtu wa kumnyima. Tumeomba haya tukiamini."

"Amina," korti ikajibu.

Na chini ya korti nzima, kama nguzo chini ya paa, ikasikika besi moja nzito, iliyofunzwa, iliyoshikilia ile sauti ya mwisho hadi ikaisha yenyewe.

Watu wakafungua macho. Askari akarudisha kofia. 

"Nani amesema amina?" hakimu akauliza.

Watu wakatazamana.

"Wote mmesema, nimesikia. Nauliza ile nzito. Imetoka upande wa kampuni."

Kipyegon alikuwa ameangalia viatu vyake. "Ni mimi, Mheshimiwa."

"Ulikubaliana na shahidi?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni..." Alitafuta neno lingine. Alilitafuta kwa bidii, nampa hilo. "Ni mazoea."

"Karani," hakimu alisema, "andika. Wakili wa kampuni ameitikia kwa mazoea."

Akeyo alikaa chini. Hakuwa na swali lingine na hakulihitaji. Alitaka kucheka, akaona atalia, akaacha yote mawili. Nyuma, Mama Akeyo alikuwa akipangusa macho kwa ncha ya kitambaa, na si kwa ajili ya kesi. Alikuwa ameguswa na maombi.

Hakimu akaangalia saa ya ukutani. "Mnajua nitakavyoamua au hamjui, hilo ni lenu. Nawapa nafasi ya mwisho. Tokeni nje mzungumze kama watu waliokula pamoja. Mkikubaliana, mje mniambie, nitaandika mlichokubaliana na kesi imeisha. Mkikosana, saa nane nitasoma uamuzi wangu."

Alipofika mlangoni akageuka. "Na wakili. Kapumzishe hiyo sauti."

Nje kulikuwa na jua kali. Akeyo alimkalisha mama kwenye benchi la ukutani, akamwekea mkoba, akaenda kutafuta maji ya kumnunulia. Hakufika mbali. Kipyegon alimpata kwenye kona, mikono nyuma, uso wa kirafiki.

"Dada yangu, hongera. Umenipiga vizuri."

"Sijakupiga. Uliimba mwenyewe."

"Sawa. Tuongee kama watu wazima. Mzee yuko tayari kutoa nusu. Leo leo, kwa simu yako, kabla saa nane."

"Nusu ya kamisheni."

"Nusu ni pesa. Uamuzi ni karatasi. Ukishinda tutakata rufaa, na rufaa inaweza kukaa mpaka mama yako awe nyanya wa mtu."

Simu ya Akeyo ikalia. Ilikuwa Tabby Wamuyu, mwenye ploti. Tabby husema kwa simu kama anaongea na mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Akeyo, uko wapi? Kuna mteja wa Nairobi hapa. Amesimama kwa ploti yako na mtu wa kupima. Wanapima."

"Ulisema saa kumi, Mama Tabby."

"Saa kumi ni saa kumi, mimi si mtu wa maneno mawili. Lakini huyu amekuja na pesa zote. Wewe uko na zote?"

"Na kama ni nusu?"

"Nusu nitaweka wapi? Nikate ploti kama mkate?" Kelele za upepo. "Nakupenda, lakini si kama ng'ombe zangu. Saa kumi." Akakata.

Akeyo akarudisha simu mfukoni. "Wakili, asante. Mwambie mzee nataka yote."

"Fikiria kwanza."

"Nimefikiria."

"Fikiria kidogo tena. Hakuna haraka." Na akasogea hatua moja upande wa kushoto, akiwa bado anatabasamu, akasimama katikati ya Akeyo na uwanja wa korti.

Akeyo akalipima hilo neno. Wakili mwenye shughuli nyingi, saa zinaenda, anamwambia hakuna haraka. Mwenye kesi ni Ndung'u. Hiyo nusu ni ya Ndung'u. Ndung'u mwenyewe yuko wapi?

Akachungulia nyuma ya bega la Kipyegon. Benchi la ukutani lilikuwa tupu. Mkoba wa mama ulikuwa umebaki peke yake.

"Mama yuko wapi?"

"Mama ni mama," Kipyegon alisema. "Si ulituambia neno lake ndilo lako? Nadhani imeandikwa."

 Akeyo alimpita kwa bega, besi ikatoa sauti ya mtu aliyegongwa mbavu.

Walikuwa mbele ya magari, kwenye kivuli cha pikapu ya kampuni yenye tangi dogo la matangazo juu. Ndung'u alikuwa ameshika mkono wa Mama Akeyo kwa mikono yake yote miwili. Suti ya kijivu, kichwa kimeinama, macho yamefungwa. Mama naye alikuwa amefunga yake. Uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu aliyeombewa na mtu anayejua kuomba. Alikuwa amelala kitanda cha mwanawe mwaka mzima akiona haya kila asubuhi, na huyu mzee alikuwa amemkumbuka mbele ya Mungu na ya hakimu. Kumchukia kulikuwa kumemshinda.

Kando alisimama Muiruri. Alikuwa anarekodi, na safari hii ilikuwa simu mpya yenye nafasi ya kutosha.

"Baba," Ndung'u alikuwa akisema, "sisi wazazi tumekutana. Watoto wanagombana, lakini wazazi ndio humaliza."

Akeyo akaanza kukimbia. Viatu vya korti havikutengenezwa kwa kokoto. Alitaka kuita, mdomo ukakataa. Mama alimlea na kofi moja tu maishani, na lilikuwa la kusema wakati mtu anaomba.

"Tumesameheana, Baba. Nusu imetosha. Mama amekubali kwa niaba ya mtoto wake, na kesi hii tumeitoa mahakamani leo, mbele zako."

Kwa mara ya kwanza tangu siku aliyoajiriwa, Akeyo alimwomba Mungu ayafanye maombi ya Ndung'u yawe marefu. Mvua, lori, breki, tangi la sokoni, Mitchelle na mume wake asiyekuja, kuna mengi ya kuombea hapa Nakuru, Baba, mpe maneno.

Siku hiyo yalikuwa mafupi. Ndung'u alishusha sauti pale inaposhushwa, na Mama Akeyo, ambaye hajawahi kuacha maombi ya mtu yaning'inie, akavuta pumzi na kufungua mdomo.